Mtoto Asiyesikia Vizuri na Sauti Yake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mengi ya maswali haya huulizwa mlangoni pa chumba cha kupimia masikio, kwa sauti ya chini, kipimo kimekwisha na mama amekwisha kumfunga mtoto mgongoni. Nimeyaweka pamoja ili asiyepata nafasi ya kuuliza ayakute hapa. Pale ambapo jibu moja linagusa lingine, nimetaja swali la kurejea.

## Mambo ya msingi

Sikio na sauti vinahusiana vipi?

Koo hutoa mlio, sikio huusimamia. Hewa inapotoka mapafuni hupita kwenye zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilichomo kooni, nyuzi za sauti zikatetemeka, kisha ulimi, midomo, kaakaa na pua vikaugeuza mlio huo kuwa maneno. Muda wote huo masikio yanasikiliza na kurekebisha: punguza, pandisha, hapo umekosea. Ukiongea ndani ya daladala lenye muziki mkubwa, sauti yako hupanda yenyewe bila kukusudia. Daktari Mfaransa Étienne Lombard alilieleza jambo hilo mwaka 1911, na hadi leo linaitwa kwa jina lake.

Mtu mzima amekwisha kujifunza njia, hata giza likiingia anaweza kufika nyumbani kwa mazoea. Mtoto bado anajifunza njia yenyewe. Asiposikia, anakosa sauti za wengine za kuiga na pia anakosa sauti yake mwenyewe ya kuilinganisha nazo.

Kwa hiyo nyuzi za sauti za mtoto kiziwi ni mbovu?

Hapana. Kwa kawaida koo lake ni zima kabisa. Hulia, hucheka, hupiga yowe akiumia. Ndiyo maana neno "bubu" halimfai: linasema hana sauti, na anayo. Viziwi wenyewe hujiita viziwi bila aibu, na chama chao hapa Tanzania, CHAVITA, ni Chama cha Viziwi. Tumia neno hilo kwa mwanao.

Tumeambiwa akatwe kimio, au ana udata. Tufanye nini?

Msimkate. Hili huniuma kila ninapolisikia. Mtoto anafika miaka miwili hasemi, jirani anasema ulimi umefungwa, mwingine anasema kimio, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa, kimekuwa kirefu, na mtoto anapelekwa kwa mkataji. Kukata kimio hakumfungulii mtu lugha. Kunaleta damu nyingi, usaha, hata pepopunda, na mtoto anarudi nyumbani na uziwi uleule.

Udata wa kweli upo: ni ule utando wa chini ya ulimi uliokuwa mfupi. Unaweza kumsumbua mtoto kunyonya, na mara nyingine kutamka baadhi ya sauti. Lakini mwenye udata bado anajaribu kusema, anaitika akiitwa, anaelewa "lete kikombe". Asiyesema kabisa na asiyeitika apimwe masikio kabla ya mtu yeyote kumgusa kinywani.

Alipokuwa mchanga alitoa vijisauti kama wenzake. Iweje leo niambiwe hasikii?

Kwa sababu vijisauti vya miezi ya mwanzo havihitaji sikio. Watoto wote, wanaosikia na wasiosikia, hulia na kutoa "aaa" na "uuu" za kuridhika. Tofauti huanza baadaye. Kati ya miezi 6 na 10 hivi, mtoto anayesikia huanza kupanga silabi kamili: "bababa", "mamama", "dadada". Mtoto mwenye uziwi mkubwa huchelewa hatua hiyo, mara nyingi hadi baada ya miezi 11, au silabi zake zinakuwa chache na za midomo tu, kwa kuwa midomo anaiona.

Basi mzazi asifarijike kwa kuwa mtoto "ana sauti". Sikiliza ni sauti ya namna gani. Mtoto aliyeanza "mamama" kisha akanyamaza miezi inayofuata ni wa kupimwa wiki hiyo hiyo.

## Sauti yenyewe husikikaje

Sauti ya mtoto asiyesikia inatofautiana vipi na ya wenzake?

Hakuna sauti moja ya viziwi. Wapo watoto ambao huwezi kuwatambua kwa kuwasikia. Lakini uziwi unapokuwa mkubwa na haukushughulikiwa mapema, mambo yafuatayo hujitokeza, moja au kadhaa kwa pamoja.

Kidatu, yaani wembamba au uzito wa sauti, huwa juu kuliko umri wake, au kinaruka juu na chini bila sababu ndani ya sentensi moja. Kiimbo kinakuwa bapa. Ukubwa wa sauti hautii mahali: ananong'ona sokoni, anapaza msibani. Pumzi nyingi hutoka pamoja na maneno, hivyo anaishiwa na hewa katikati ya sentensi na kuvuta tena mahali pasipofaa. Irabu huvutwa, na maneno yanatoka polepole, moja moja.

Kisha kuna pua. Kaakaa laini, kile kipande cha nyama kilicho nyuma ya kinywa, hufunga na kufungua njia ya puani. Mtoto hakioni na hakihisi vizuri. Sikio ndilo linalomwambia kimefunga au la. Bila sikio, "baba" inaweza kutoka kama "mama", na "mama" ikatoka kama mtu mwenye mafua. Wengine huvuta ulimi nyuma, na sauti inasikika kana kwamba imekwama kooni.

Je, Kiswahili kina ugumu wake?

Kinao, na kina rehema zake. Nianze na rehema: silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, irabu ni tano tu, na irabu ndizo zenye nguvu zaidi katika usemi. Mtoto mwenye mabaki ya usikivu huzikamata kwanza. Mkazo nao unakaa mahali pamoja, silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mdundo wa maneno unatabirika.

Ugumu wa kwanza ni midomo. Simama mbele ya kioo useme bila sauti: "mama", "baba", "papa". Midomo ni ile ile. Sema "pata", "bata", "mbata". Ni ile ile tena. Mtoto anayetegemea kusoma midomo hana njia ya kujua umesema lipi, na anapojaribu mwenyewe hana njia ya kujua ametoa lipi. Sauti kama "mb" na "nd" zinamtaka afungue pua na kuifunga haraka ndani ya silabi moja, kazi ambayo nimeieleza hapo juu kuwa haioni wala haihisi.

Ugumu wa pili ni "s", "sh" na "f". Hizi ni sauti za mawimbi ya juu na nguvu ndogo, na ndizo za kwanza kupotea. "Samaki" inakuwa "amaki", "kisu" inakuwa "kiu", na "fisi" inabaki "ii" tupu.

Wa tatu ni vile viungo vidogo vya katikati ya kitenzi. "Anakula", "alikula", "atakula": tofauti nzima ya wakati imebebwa na silabi fupi isiyo na mkazo. Mtoto akiikosa masikioni ataikosa na kinywani, na watu watadhani hana akili ya kujua jana na kesho.

Na kuna swali. Kiswahili huuliza kwa kiimbo peke yake: "Umekula." na "Umekula?" yana herufi zilezile. Mtoto mwenye kiimbo bapa anauliza, sisi tunasikia taarifa, hatumjibu. Akirudia mara tatu bila kujibiwa anaacha kuuliza. Mfundisheni kutanguliza "je", na ninyi tumieni "je" pamoja na nyusi zilizoinuliwa.

Mwanangu hupiga kelele akiongea. Dada yake naye ana tatizo la masikio lakini huongea chinichini. Nani ana tatizo kubwa?

Inategemea sehemu gani ya sikio imeharibika. Ziba masikio yako kwa vidole kisha useme jina lako. Sauti yako inanguruma kichwani, sivyo? Mtoto ambaye njia ya nje au ya kati imezibwa, kwa nta, kwa majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, au kwa ngoma iliyotoboka, huwa katika hali hiyo. Wengine anawasikia kwa mbali, yeye mwenyewe anajisikia kwa nguvu kupitia mifupa, basi anashusha sauti.

Ikiwa tatizo liko ndani zaidi, kwenye koklea (sehemu ya ndani ya sikio inayopokea sauti) au kwenye mshipa wa fahamu wa kusikia, hajisikii hata yeye mwenyewe, na huyo hupaza. Siyo utovu wa adabu. Hizi ni dalili za kumwongoza daktari, wala si kipimo, na wapo wenye matatizo yote mawili kwa pamoja.

## Kiwango, umri na chanzo

Uziwi wa kiasi gani ndio huathiri sauti?

Kipimo cha usikivu huandikwa kwa desibeli: ni ukubwa wa sauti ndogo kabisa anayoisikia mtoto, hivyo namba ikipanda usikivu umepungua. Mnong'ono ni kama desibeli 30, mazungumzo ya kawaida kama 60. Katika ngazi za Shirika la Afya Duniani (WHO), usikivu wa kawaida ni chini ya 20; 20 hadi 34 ni upungufu mdogo, 35 hadi 49 wa kati, 50 hadi 64 mkubwa kiasi, 65 hadi 79 mkubwa, 80 hadi 94 mkubwa sana, na kuanzia 95 ni uziwi unaokaribia kuwa kamili.

Kwa upungufu mdogo, sauti yenyewe mara nyingi haina kasoro. Kinachochelewa ni msamiati na usikivu darasani. Kwa wa kati, utaona "s" na "sh" zinapotea. Kuanzia ngazi kubwa kwenda juu, kidatu, kiimbo na pua vinaanza kuyumba. Lakini namba si hukumu. Nimeona watoto wawili wenye karatasi za kipimo zinazofanana ambao mmoja anaeleweka na jirani yeyote na mwingine anaeleweka na mama yake tu. Mara nyingi tofauti ni umri walioanza kusaidiwa.

Alikuwa anaongea vizuri, akaugua homa ya uti wa mgongo, sasa hasikii. Atasahau kuongea?

Anaweza, tena haraka, akiwa mdogo. Mtoto wa miaka miwili au mitatu aliyepoteza usikivu ghafla anaweza kupoteza maneno aliyokuwa nayo ndani ya miezi asiposaidiwa. Mtoto wa miaka minane ana akiba kubwa zaidi: maneno hubaki, lakini polepole sauti inapoteza udhibiti wa ukubwa na kidatu, na "s" na "sh" zinachakaa. Msimwache anyamaze. Aendelee kuongea, kusoma kwa sauti, kusimulia, kila siku.

Kwa homa ya uti wa mgongo kuna haraka nyingine ambayo wazazi wengi hawaambiwi. Ugonjwa huu unaweza kufanya ndani ya koklea kuote mfupa, na mfupa ukishaziba, upandikizaji wa kifaa (tazama swali lake hapa chini) unakuwa mgumu au haufai tena. Kila mtoto aliyepona uti wa mgongo apimwe masikio kabla hajatoka hospitali au mara tu baada ya hapo, hata kama anaonekana anasikia.

Vyanzo vingine vya kuvijua ni manjano kali ya mtoto mchanga, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kuzaliwa kabla ya wakati, rubella kwa mama mjamzito, surua, matubwitubwi, na baadhi ya dawa kama gentamicin. WHO inakadiria kuwa karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu utotoni unatokana na mambo yanayoweza kuzuilika. Chanjo ya surua na rubella ni moja ya vizuizi hivyo.

Masikio yake hutoa usaha, yanapona, yanarudi. Inaharibu sauti?

Usikivu wake unapanda na kushuka, kwa hiyo wiki hii anasikia "s" na wiki ijayo haisikii. Matamshi yanachelewa kutulia, na sauti yake huwa ya chini kwa sababu iliyoelezwa kwenye swali la kelele. Habari njema ni kwamba hali hii mara nyingi inatibika. Usaha uliodumu zaidi ya wiki mbili ni wa daktari wa masikio, pua na koo. Msitie mafuta ya moto, maji ya kitunguu wala mkojo sikioni.

Ana tatizo sikio moja tu.

Sauti yake kwa kawaida itakuwa sawa. Shida yake ni kujua sauti inatoka upande gani na kusikia penye kelele. Akae darasani sikio zima likielekea kwa mwalimu, na lilindwe.

## Kupima na vifaa

Apimwe akiwa na umri gani?

Mtoto hana umri wa kuwa mdogo mno kwa kipimo. Lengo linalotumika na wataalamu ni uchunguzi ndani ya mwezi 1, uhakika wa tatizo kufikia miezi 3, na msaada uanze kufikia miezi 6. Kuna kipimo cha kichomekeo kidogo kinachowekwa sikioni mtoto akiwa amelala, na kingine cha vibandiko kichwani kinachoonyesha kama ubongo unapokea sauti. Havimtaki mtoto ajibu chochote.

Kupiga sufuria nyuma yake si kipimo. Anaweza kuhisi mtikisiko sakafuni, au kuona kivuli chako, akageuka, nanyi mkatulia mwaka mzima.

Shimesikio litaifanya sauti yake iwe ya kawaida?

Shimesikio, yaani kifaa cha kukuza sauti kinachovaliwa sikioni, hurudisha yule msimamizi niliyemtaja mwanzo. Siku za kwanza usishangae mtoto akinyamaza, akilia, au akipiga yowe kisha akacheka: anajisikia kwa mara ya kwanza. Hesabu umri wake wa kusikia tangu siku hiyo. Mtoto wa miaka mitatu aliyevaa kifaa miezi sita iliyopita ana miezi sita ya kusikia, na kubwabwaja kama mtoto mchanga ni hatua njema.

Avae muda wote akiwa macho. Kile kipande laini kinachoingia sikioni, kinachotengenezwa kwa umbo la sikio lake, hubana au hulegea kadiri anavyokua. Kikilegea, kifaa kinapiga filimbi na sauti inavuja. Kwa mtoto mchanga huenda kikahitaji kubadilishwa kila baada ya miezi michache. Uliza mapema betri na vipande hivyo vitapatikana wapi, kwa kuwa kifaa kilichofungiwa kabatini kwa kukosa betri hakimsaidii.

Na kile kifaa cha kupandikizwa kwa upasuaji?

Hicho hupeleka umeme moja kwa moja kwenye mshipa wa kusikia, kikiruka sehemu ya koklea iliyoharibika. Ni kwa watoto ambao shimesikio haliwatoshi. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza upasuaji huu mwaka 2017. Kabla ya hapo watoto wa Tanzania walipelekwa nje, hasa India.

Aliyepandikizwa mapema, hasa kabla ya miaka mitatu na nusu hivi, ubongo wake bado uko tayari kupokea sauti, na kidatu, pua na irabu vinaweza kukaribia sana vya wenzake. Kiimbo na kuimba hubaki vigumu, kwa sababu kifaa hiki hubeba kidatu kwa uhafifu. Jinsi sauti inavyolitegemea sikio imeonekana pia kwa watu wazima waliopandikizwa: kifaa kikizimwa, sauti na irabu zao huanza kubadilika katika muda mfupi.

Upasuaji wenyewe ni mwanzo. Bila miaka ya mazoezi ya kusikiliza na kuongea, unabaki na kovu nyuma ya sikio.

Nitajuaje asubuhi kama kifaa kinafanya kazi?

Tumia sauti sita za Daniel Ling, mtaalamu wa usemi wa watoto viziwi, ambazo kwa bahati zote zimo katika Kiswahili: "m", "u", "a", "i", "sh", "s". Simama nyuma yake ili asione midomo, tamka moja moja kwa sauti ya kawaida, bila kufuata mpangilio uleule. Mdogo ageuke au adondoshe punje ya maharage kwenye kikombe, mkubwa arudie. Zikipotea "s" na "sh" ambazo jana alizisikia, angalia betri, nta na mirija. Ni dakika moja kabla ya chai.

## Nyumbani na shuleni

Akijifunza lugha ya alama, si atakuwa mvivu wa kuongea?

Hapana. Lugha ya alama haifungi mdomo. Inampa mtoto mawazo, maswali, majina ya watu na hasira zake, na mwenye lugha kichwani ana kitu cha kusema. Nchini Kenya, Lugha ya Ishara ya Kenya, yaani lugha ya alama ya huko, ni mojawapo ya lugha rasmi za Bunge kwa Katiba ya mwaka 2010. Kinachomdhuru mtoto ni kungoja bila lugha yoyote, alama wala sauti, mpaka miaka saba.

Nimrekebishe vipi anapokosea?

Usimwambie "ongea vizuri". Hajui vizuri ikoje. Akisema "amaki", wewe sema kwa furaha, "Ndiyo, samaki! Samaki mkubwa," kisha endeleeni na mchuzi. Mkaribie: ukizidisha umbali mara mbili, sauti inapungua kwa desibeli 6 hivi, na jikoni kwenye redio hakuna kifaa kitakachokusaidia. Weka mkono wake kifuani pako useme "mmm", kisha kifuani pake. Kwa "p", aipulize karatasi nyembamba.

Wenzake humcheka sauti.

Mwalimu aongee na darasa siku ambayo mtoto hayupo, aeleze sauti inavyotengenezwa, awaache wazibe masikio na kujisikiliza. Watoto huelewa haraka kuliko tunavyodhani. Na asiachwe kupewa zamu ya kusoma kwa sauti kwa kisingizio cha kumhurumia.

## Hali zisizo za kawaida

Kijana wangu kiziwi ana miaka 16, sauti bado nyembamba kama ya mtoto.

Zoloto limekua, lakini hakusikia sauti mpya ili aizoee, akaendelea na ile ya zamani. Mpelekeni kwanza kwa daktari kuhakikisha balehe imekwenda sawa. Ikiwa ndivyo, mtaalamu wa matamshi anaweza kumsaidia kuipata sauti nzito kwa kuhisi mtikisiko wa kifua na kukohoa kidogo, mara nyingine katika vikao vichache.

Kipimo cha kichomekeo kimepita, lakini hasemi na haelewi.

Ombeni kile cha vibandiko. Wapo watoto, wakiwemo waliougua manjano kali, ambao koklea inafanya kazi lakini mshipa unapeleka sauti ikiwa imevurugika. Wanasikia mlio bila kupata neno.

Sisi wazazi ni viziwi, mtoto anasikia. Sauti yake itaharibika kwa kuiga yetu?

Haitaharibika. Zungumzeni naye kwa alama bila hofu, na hakikisheni anakaa saa nyingi kila siku na wanaosikia: bibi, majirani, watoto wa mtaani. Atakuwa na lugha mbili.

Wangu ana miaka 12, hajawahi kusikia wala kuvaa kifaa. Bado ataongea?

Sitakudanganya. Usemi unaoeleweka na mtu wa barabarani ni vigumu kuupata katika umri huo, na upandikizaji mara nyingi hautaleta kile unachokiota. Apimwe hata hivyo: shimesikio linaweza kumpa honi ya gari, mlango, jina lake. Sauti aliyo nayo, ya kukuita wewe, ya kucheka, ni yake, msimwambie ainyamazishe mbele ya wageni. Lakini muhula huu, usingoje mwingine, mpeleke kwenye shule yenye viziwi wenzake na walimu wa alama, nawe uanze kujifunza alama pamoja naye. Ana maswali ya miaka 12 anayotaka kukuuliza.